Gia ya Tano Si Uchakachuaji

Neno ninalolipinga katika makala haya ni "kuchakachua", jinsi lilivyotumiwa na baadhi ya wenzangu wa darasa letu la Kiswahili kuhusu kazi ya fundi mmoja wa Busia. Fundi huyo amependekeza kung'oa giaboksi ya otomatiki iliyokufa ndani ya Toyota Supra ya mwaka 1988, na kufunga badala yake giaboksi ya gia za mkono, gia tano, ile ya tano ikiwa ovadraivu. Gari ni la mjomba wangu. Liko Buteba, wilaya ya Busia upande wa Uganda, kati ya Busia na Tororo, na limekaa chini ya mwembe tangu mvua za mwaka jana. Wenzangu waliposikia habari hiyo wakasema fundi anataka kulichakachua gari la kihistoria. Mwalimu wetu mmoja, ambaye namheshimu sana kwa somo lake la fasihi, akaongeza kwamba kitu cha asili kikishaguswa hakirudi kuwa chenyewe. Niliwasikiliza wote kwa adabu. Sasa naomba zamu yangu.

Tuanze na neno lenyewe, kwa kuwa maneno ndiyo taaluma yetu. Kuchakachua kulivuma Tanzania kwa habari ya mafuta: petroli na dizeli zilizochanganywa na mafuta ya taa, mnunuzi akalipia kitu kimoja na kujaziwa kingine. Baadaye neno likahamia kwenye kura, na maana yake haikupotea njiani. Ndani yake mna mtu anayeficha na mtu anayefichwa. Ukiondoa kificho, neno limebaki ganda tupu. Sasa niambieni, giaboksi ya mkono inafichwa wapi? Mnunuzi akifungua mlango wa gari anakuta pedali tatu mahali palipokuwa na mbili, na fimbo ya gia yenye namba tano na herufi R juu ya kirungu. Hata mtoto wa shule ya msingi ataona kwamba gari limebadilishwa. Mnaweza kuliita badiliko, mageuzi, hata ukaidi mkitaka, ila uchakachuaji hapana.

Neno la pili ni "asilia", na hili ni zito zaidi kwa kuwa linavaa joho la heshima. Supra ya kizazi hicho iliundwa na Toyota kuanzia 1986 hadi 1993. Ilitoka kiwandani kwa namna zote mbili, yenye otomatiki na yenye gia tano za mkono. Mjapani wa kwanza aliyeinunua hii ya mjomba alichagua otomatiki, labda kwa sababu ya foleni za mjini kwake au goti lililokuwa likimuuma, sisi hatumjui. Uamuzi wake wa asubuhi moja ndani ya duka la magari ndio tunaoambiwa leo tuulinde kama mirathi. Kama asili ni kile kilichobuniwa na wahandisi, basi gia tano za mkono ni asili sawasawa na otomatiki. Na kama asili ni gari hili moja jinsi lilivyotoka siku ile, basi lilikwisha kuacha asili pale bandarini Mombasa, kwa sababu redio yake ya Kijapani haikushika stesheni zetu na mjomba aliitoa wiki ya kwanza. Kwa redio hakuna aliyelia.

Lakini nisiende mbio. Wengi wanaopinga wanaona aibu kusema kwamba hawajui ovadraivu ni nini, na baadhi ya wanaounga mkono nao hawajui. Giaboksi ni mpangilio wa meno makubwa na madogo unaoamua injini izunguke mara ngapi ili propela shafti izunguke mara moja. Katika gia ya kwanza injini huzunguka zaidi ya mara tatu, nguvu nyingi, mwendo mdogo. Katika gia ya nne ya giaboksi nyingi za aina hii, zunguko moja la injini ni zunguko moja la propela, yaani moja kwa moja. Ovadraivu ni gia inayovuka mstari huo: propela inazunguka kuliko injini. Waingereza waliwahi kuifanya kifaa cha pembeni. Magari yao ya michezo kama MG na Triumph yalifungwa kifaa cha Laycock de Normanville nyuma ya giaboksi ya gia nne, dereva akakiwasha kwa swichi ya umeme. Wajapani wakaona heri kuongeza gia ya tano ndani ya boksi lenyewe, na biashara ikaisha.

Hesabu yake si ngumu, na naiweka hapa kwa sababu mjadala wetu wa bwenini ulikosa hata tarakimu moja. Chukua tairi lenye mzingo wa karibu mita 1.97, kama lile la ukubwa wa 205/60 R15. Kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa tairi hilo huzunguka kama mara 846 kwa dakika. Weka difu yenye uwiano wa 4.1, na propela inazunguka karibu mara 3,470. Katika gia ya nne, ya moja kwa moja, injini nayo inazunguka mara hizo hizo 3,470. Sasa tia gia ya tano. Katika giaboksi za Toyota za familia ya W, ambazo ndizo fundi wetu anazitafuta, gia ya tano ina uwiano wa kama 0.85 katika baadhi na kama 0.78 katika nyingine. Injini inashuka hadi mahali fulani kati ya 2,700 na 2,950. Gari ni lile lile na mwendo ni ule ule, lakini kila dakika injini imepunguziwa mizunguko mia tano au zaidi. Kila zunguko ni msuguano, joto na kelele. Kutoka Busia hadi Kampala ni safari ya saa kadhaa, zidisha mwenyewe.

Hapa ndipo ninapogombana na madereva wa teksi, watu ambao kwa mengine ni walimu wangu. Panda Toyota yoyote ya otomatiki ya miaka ile, na mara nyingi utaona kwenye dashibodi kitaa cha njano kimeandikwa O/D OFF, kinawaka mchana na usiku. Muulize dereva, atakuambia ameizima ovadraivu makusudi, kwa kuwa "inakula mafuta". Imani hii imesambaa kiasi kwamba wenye magari huirithishana pamoja na funguo. Kwa barabara tambarare ni kinyume kabisa: ukiizima unalazimisha injini izunguke zaidi kwa mwendo ule ule. Kuna wakati wa kuizima, nao ni wakati wa kupanda mlima au kubeba mzigo, otomatiki inapohangaika kupanda na kushuka gia bila kutulia. Mwenye kuizima mlimani yuko sahihi. Mwenye kuizima Tororo na kusahau kuiwasha hadi Iganga anachoma pesa, halafu anailaumu bei ya petroli.

Mtu makini ataniuliza: kama otomatiki ile nayo ilikuwa na ovadraivu, tena ndefu kuliko ya mkono, kwa nini isitengenezwe hiyo hiyo? Swali ni la haki. Kweli, ovadraivu za otomatiki za Toyota za enzi hiyo zilikuwa kama 0.7, kwa hiyo kwa hesabu yangu ya juu injini ingetulia hata chini ya 2,500. Ningekuwa naandika kuhusu gari zima lenye otomatiki nzima, makala haya yangeishia hapa. Lakini otomatiki ya mjomba imekufa. Ilianza kuteleza, injini ikilia na gari halisogei. Kisha gia ya nyuma ikapotea. Mwishowe hata D ikawa mapambo. Mafuta yake yalipotolewa yalikuwa meusi na yalinuka kama kitu kilichoungua, kwa maana kweli kuna kilichoungua: pleti za klachi za ndani, zile zinazofanya kazi gizani bila dereva kujua zipo.

Kuifufua kunahitaji pleti mpya, sili mpya, kusafishwa kwa bodi ya valvu yenye vijia vyembamba kama mishipa, na mtu aliyefundishwa kazi hiyo. Mafundi wa namna hiyo wapo Kampala na Nairobi, ila ni wachache, na vipuri vya otomatiki ya umri huu ni vigumu kuvipata. Njia ambayo watu wengi hufuata ni kununua otomatiki nyingine iliyotumika, kutoka Kisekka au Nairobi, ikiwa imekaa sakafuni haijulikani ilitoka kwenye gari lililokufaje. Unaifunga, unasali. Giaboksi ya mkono iliyotumika ni kitu kingine. Unaweza kuifungua mezani, ukahesabu meno, ukatikisa shafti kwa mkono ukasikia kama beringi zimelegea, ukatazama pete za shaba za kulinganisha mwendo kama zimelika. Fundi wa Busia mwenye spana na macho anaweza kuihukumu kabla mjomba hajatoa shilingi. Bei sizitaji, maana bei za Busia hutegemea pia unalipa kwa shilingi ya upande gani wa mpaka. Ninachosema ni kwamba kununua kitu unachoweza kukikagua si sawa na kununua kitu unachoweza kukiombea tu.

Na kijijini kuna jambo jingine ambalo wenzangu wa mjini hawalipi uzito. Betri ikifa Buteba, gari la gia husukumwa na vijana wanne, unatia gia ya pili, unaachia klachi, limewaka. Otomatiki ya aina hii husukumwa hadi jioni na haiwaki. Likikwama na kuvutwa, gari la gia huwekwa frii likavutwa. Otomatiki ikivutwa magurudumu ya nyuma yakiwa chini, pampu ya mafuta ya giaboksi haizunguki na unamaliza kwa kamba kile ambacho barabara haikukimaliza. Gari linalotegemewa na ukoo mzima kupeleka mgonjwa Tororo usiku lazima lijue kuwaka bila betri nzuri. Mnacheka kwamba ni gari la michezo. Kwetu hakuna gari la michezo lisilowahi kubeba mgonjwa, na mbuzi.

Upande wangu nao una wasaliti. Fundi yule yule, kabla ya kupata wazo la gia tano, alitaka kufunga giaboksi ya gia nne aliyokuwa nayo nyuma ya gereji, iliyotoka kwenye pikapu kuukuu. Alisema ni bure, ni imara, na kwamba "gia ni gia". Mjomba alikuwa karibu kukubali. Mimi nikapinga kwa sauti ambayo mpwa hapaswi kuitumia mbele ya mjomba wake, na bado napinga. Giaboksi ya pikapu imepangwa kwa magunia ya mahindi. Gia yake ya kwanza ni fupi mno kwa gari jepesi, na gia yake ya juu kabisa inaishia kwenye moja kwa moja. Ukiifunga kwenye Supra umelifanya gari lililoundwa kwa safari ndefu lilie barabara nzima katika 3,470. Injini yake ya silinda sita kwa mstari, lita mbili, ina sauti tamu sana kwa dakika kumi. Kwa saa nne ni kichwa kuuma. Tena ukishakata na kuchomelea ganda la kengele ili boksi la pikapu lishikane na injini isiyo yake, hapo ndipo nitakapokubaliana na wanaosema "kuharibu". Asiyetaka ovadraivu na aache otomatiki iliyokufa mahali pake, angalau haijakata chochote.

Wenzangu wapenda historia walinitupia Safari Rally, wakidhani itawasaidia. Ngoja niipokee. Mashindano hayo yalianza 1953, yakapita Kenya, Uganda na Tanganyika kabla ya kubaki Kenya peke yake. Shekhar Mehta alizaliwa Uganda. Idi Amin alipowafukuza Waasia mwaka 1972 akawa mmoja wa walioondoka, na mwaka uliofuata, 1973, akashinda Safari kwa Datsun 240Z, kisha akaja kushinda tena mara nne mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982. Supra nayo, ya umbo hili hili la mjomba ingawa kwa injini kubwa zaidi, ilimaliza ya tatu mwaka 1987 ikiendeshwa na Lars-Erik Torph. Ni magari gani hayo tunayoyasifu? Ni magari yaliyoimarishwa springi na shokamzoba, yakafungwa bamba la chuma chini ya tumbo na taa juu ya taa, na yakabadilishiwa vipuri vizima kando ya barabara kati ya kituo na kituo. Utukufu wa Safari ulijengwa na mafundi waliolala chini ya magari wakiwa na saa mkononi. Anayetaka kuitumia Safari kututisha tusiguse giaboksi hajawahi kutazama picha zake vizuri.

Na hiyo 240Z yenyewe ina hadithi inayotuhusu moja kwa moja. Wanunuzi wa Marekani waliuziwa 240Z za gia nne, wakati masoko mengine, kama Uingereza, yalipata gia tano. Wamarekani hawakuketi wakailaani bahati yao. Hadi leo wenye magari hayo huko hutafuta giaboksi ya gia tano kutoka 280ZX, gari la baadaye la ukoo ule ule, ambayo gia yake ya tano katika matoleo ya mwisho ni 0.745, wakaifunga wenyewe gereji za nyumbani. Kazi hiyo ni ya kawaida kwao kama kwetu kubadilisha tairi. Mambo hayo yakifanyika California huitwa mapenzi ya magari ya zamani. Yakifanywa na fundi wa Busia mwenye ovaroli lililotoboka yanaitwa uchakachuaji. Tofauti hiyo naomba mnieleze, na msinieleze kwa giaboksi, kwa maana giaboksi haina tofauti.

Nimesikia pia hoja ya kisomi zaidi: dunia inakwenda kwenye umeme, pikipiki za umeme zimeshaingia Kampala, watu wa Makerere walionyesha gari lao la umeme la Kiira EV tangu 2011, na mimi bado nalilia klachi. Gari la umeme nalo lina meno ya kupunguza mwendo kati ya mota na magurudumu, na atakayelitengeneza litakapoharibika hapa mpakani ni kijana aliyejifunza uwiano wa meno kwenye kitu fulani. Ndani ya gereji ninayoizungumzia kuna vijana watatu wanaojifunza kazi. Wamebadilisha breki na mafuta mara mia. Giaboksi nzima hawajawahi kuitoa, kuipima, kuifungua na kuirudisha. Mkisema gari hili liuzwe kwa vipande, nao watajifunza kuuza vipande.

Kwa maana hilo ndilo litakalofuata, na hapa mzaha unaisha. Mjomba amekwisha kupata mnunuzi. Huyo hataki gari; anataka injini, difu, taa na milango, kila kimoja na bei yake, na ganda atamwachia mwenye kuuza vyuma chakavu. Halitarudi jingine. Sheria ya usalama barabarani ya Uganda ilivyorekebishwa mwaka 2018 inazuia kuingiza gari lililofikisha miaka 15, na ng'ambo ya mpaka Kenya haipokei gari lenye zaidi ya miaka minane. Nia ya sheria hizo naielewa, sina ugomvi nayo: hewa ya miji yetu si ya kujivunia. Lakini matokeo yake ni kwamba magari ya michezo ya miaka ya themanini yaliyopo kwetu ndiyo hayo hayo. Kila linalokatwa linapunguza idadi na hakuna linaloongeza. Wanaosema "liacheni kama lilivyo" wanadhani wanalilinda. Lilivyo sasa ni kwamba haliendi, kuku wanataga ndani yake, na mtu mwenye gesi ya kukatia anangoja jibu. Usafi wao wa nadharia unamfaa yule mnunuzi kuliko anavyoweza kujitetea mwenyewe.

Hatari ipo, siifichi, na ningependa wapinzani wangu wangeishikilia hii badala ya asili na historia. Kazi hii ikifanywa nusunusu inaweza kuua. Pedali ya klachi ikichomelewa kwenye bati jembamba itapinda siku dereva anapoihitaji zaidi. Propela ya otomatiki huenda isilingane na urefu unaotakiwa, na ikikatwa na kuungwa bila kusawazishwa itatetemeka hadi ivunje maunti, au ichomoke. Swichi inayozuia gari la otomatiki lisiwake likiwa kwenye gia lazima ishughulikiwe kwa akili. Wengi huunganisha waya mbili tu kisha gari linaruka mbele mtoto akizungusha funguo. Taa za kurudi nyuma husahaulika. Mabomba yaliyopeleka mafuta ya otomatiki kupozwa kwenye rejeta yakiachwa wazi yataleta balaa jingine. Tena kuna kitu kidogo kuliko vyote: beringi inayokaa kwenye tundu la mwisho wa krenki kushika ncha ya shafti ya giaboksi. Injini ya otomatiki haina haja nayo, kwa hiyo haikuwekwa, na kuna krenki ambazo tundu lenyewe halikuchongwa sawasawa. Fundi asiyelipima kabla ya kufunga ataisikia giaboksi ikilia wiki ya pili.

Kwa hiyo masharti yangu kwa mjomba, niliyomwandikia kwa Kiswahili sanifu ili asiseme hakuelewa, ni haya. Flaiwili, pleti ya klachi, presha pleti na beringi ya kuachia viwe vya injini ya 1G, na pleti na beringi viwe vipya, hata kama kila kingine kimetumika. Pedali na silinda yake ya mafuta zitoke kwenye gari lililozaliwa nazo. Propela ipelekwe kwa mtu mwenye mashine ya kusawazisha. Ndani ya boksi itiwe oili ya gia, wala isiwe mabaki ya mafuta ya otomatiki kwa sababu tu yapo. Kontroli boksi ya injini itafutwe ya gari la mkono, au fundi aonyeshe kwamba iliyopo haitachanganyikiwa otomatiki ikikosekana. Na kabla ya safari ya kwanza ndefu, gari liendeshwe Buteba hadi Busia na kurudi, kwa wiki nzima, bila abiria. Namba ya injini na namba ya chesisi hazijaguswa na lolote kati ya haya, kwa hiyo kadi ya gari inabaki kusema kweli.

Dereva naye ana lake la kujifunza. Gia ya tano si ya kutiwa kwa mwendo wa bodaboda. Ukiitia kwenye kilomita 50 halafu ukakanyaga mafuta kupanda kilima, injini itagonga kama mlango wa choo kwenye upepo, na beringi zake ndizo zitakazolipa. Mlimani unarudi nne, au tatu. Hilo ndilo jambo ambalo otomatiki ilikuwa ikimfanyia mjomba kimyakimya kwa miaka yote hiyo, na ambalo wale wa kitaa cha njano waliamua kutolifikiria kabisa.

Giaboksi moja imeonekana upande wa Kenya, ya Mark II iliyogongwa nyuma, na Mark II nyingi zilitumia injini za ukoo huo huo wa 1G. Muuzaji anasema ni gia tano. Fundi amekwenda mara ya kwanza akakuta kengele yake imepasuka sikio moja la bolti, akarudi bila kununua, na Jumamosi atavuka tena kutazama nyingine. Mnunuzi wa vipande ameambiwa angoje hadi mwisho wa mwezi. Yeyote kati ya wenzangu anayejua ilipo giaboksi ya W yenye kengele nzima ya 1G, hata kama bado anaamini sisi ni wachakachuaji, anitafute bwenini kabla ya Jumamosi.